Sahani ya Chaki na Wageni wa Haydom

Wageni wa kumposa wifi yangu walikuwa wanatoka Haydom, wafike Katesh saa nne asubuhi. Alfajiri ya siku hiyo sebule yetu ilikuwa na viti vya kuazima, vitambaa vipya vya meza, na mashine ya kukereza vyuma ya baba mkwe. Upepo wa Hanang ulikuwa umeezua banda lake uani, na mvua ilipokaribia wanaume wa mtaa waliisukuma ndani juu ya mabomba. Tangu hapo haikusogea tena.

Ni mashine ya Kiingereza ya zamani, ya vipimo vya inchi. Ilitoka kwenye karakana ya mojawapo ya yale mashamba saba ya ngano ambayo shirika la umma la NAFCO liliyaendesha kwa msaada wa Kanada: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Waret, Gidagamowd na Murjanda. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na watu wa Mulbadaw walilifikisha jambo hilo mahakamani; Baba huwa hasimulii habari za mashamba bila kulitaja. Yeye alikuwa fundi huko. Kombaini ikivunjika shafti katikati ya mavuno, spea iko ng'ambo ya bahari na ngano inasubiri, mashine hii ndiyo iliyookoa. Leo inatengeneza bushi za mikokoteni ya punda na shafti za mashine za kusaga, kazi ambazo bila hiyo zingepanda basi kwenda Babati au Singida.

Lakini siku hizo mashine ilikuwa imeharibika. Kilichopasuka ni sahani ya nyuma ya chaki. Chaki ndiyo yenye taya zinazokamata chuma. Sahani hukaa nyuma yake, hufungwa nayo kwa bolti, kisha hujisokota kwenye pua ya spindo, ule mhimili unaozunguka. Ikipasuka, chaki nzima hata iwe njema haina pa kukaa. Bwana wangu alikwenda mjini akauziwa sahani mpya, akahakikishiwa ni saizi ile ile. Kipenyo kweli kilikuwa kile kile. Nyuzi zilikuwa za milimita tatu.

Pua ya mashine yetu ina nyuzi nane kwa inchi, maana yake kila mzunguko husogea milimita 3.175. Tofauti hiyo jicho halioni. Mzunguko wa kwanza hukubali, wa pili hukubali kwa shingo upande, halafu chuma kinauma chuma. Shemeji yangu mdogo, kijana mwenye nguvu na nia njema, alidhani ni kutu, akaongezea bomba refu kwenye spana. Usiku wa kuamkia siku ya wageni sahani iling'ang'ania spindo, haiendi mbele wala hairudi.

Wageni waliingia Baba akiwa bado amepiga magoti. Aliinuka kwa aibu ya mwenye nyumba, akafuta mikono, salamu zikaanza. Mjomba wa bwana harusi alipokea shikamoo zetu zote, lakini macho yake yalikuwa kwenye mashine. Kumbe naye maisha yake yote yameishia karakanani.

"Mzee mwenzangu," alimwambia Baba, "msifunge gia mkavuta. Meno yatakatika."

"Ndilo ninaloogopa."

"Kuna maji ya moto?"

Yalikuwepo, birika mbili za chai ya wageni. Mama mkwe alinitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Mkwe wangu, peleka." Tuliweka beseni chini, tukaimwagia sahani polepole ili ipate joto na kutanuka kabla spindo haijapata. Shemeji alishikilia puli ya mkanda. Mjomba akagonga kipande cha mbao ngumu, pigo moja la ghafla kuelekea kulegeza. Mlio wa kuachia ulisikika hadi jikoni. Nyuzi za pua zilikuwa na mikwaruzo michache tu, Baba akazisafisha kwa msasa mdogo uliokunjwa. Mashauri ya mahari yalianza tukiwa tumechelewa, na bila chai.

Wazee hawa wawili walipatana kabla ya familia kupatana. Mjomba alilala kwetu, na kesho yake wakaitengeneza sahani kutokana na puli nene ya chuma cha kalibu ya mashine ya kusaga iliyokufa.

Ugumu wa kazi hii uko mahali ambapo wengi hawafikirii. Nyuzi za ndani ya sahani lazima zijaribiwe kwenye pua, lakini pua hiyo ndiyo inayoizungusha kazi, haiwezi kuchomolewa ije kupimwa. Kwa hiyo walianza kwa kukereza pua ya bandia kati ya senta mbili, wakiijaribu kwa bamba kubwa la mashine, lile lenye matundu marefu, hadi likaingia bila kucheza. Ndipo puli ikafungwa kwenye bamba hilo kwa bolti. Wakatoboa, wakakata nyuzi wakizijaribu kwa pua ile ya bandia, wakasawazisha uso wa nyuma na kile kishingo laini kinachoiweka sahani katikati. Vyote kwa mshiko mmoja, bila kuifungua. Nyuzi huvuta tu. Kinachonyoosha ni kishingo na bega la spindo.

Kisha wakaigeuza, wakaisokota kwenye pua yenyewe, na hapo hapo wakakata daraja la mbele litakaloingia kwenye shimo la mgongo wa chaki. Baba alikuwa akitoa unyoya mwembamba wa chuma, anasimamisha, anajaribu chaki, anatoa tena. Hili ndilo ambalo sahani ya dukani, hata yenye nyuzi sahihi, haiwezi kuja nalo: daraja hukatwa na mashine itakayolibeba. Vumbi jeusi la kalibu liliingia kwenye vitambaa vipya, nikavifua siku ya pili bila kinyongo.

Mjomba aliweka saa ya kupimia kwenye daraja, akazungusha kwa mkono. Mshale haukutikisika. Kwenye chuma kilichobanwa na taya ulicheza kidogo, maana taya zimezeeka. Baba ameshapata puli ya pili, ya chaki ya taya nne, na mjomba ameahidi kurudi kuifanya kazi hiyo atakapoleta ng'ombe wa mahari waliobaki.