Shemeji wa Kwenye Kadi

Mkulima wa bonde la Mbwemkuru, awe wa Ruangwa au wa Nachingwea, haibiwi korosho kirahisi. Stakabadhi ghalani iliingia kwenye zao hilo mwaka 2007, na siku hizi gunia halitoki mkononi mwake bila mizani na risiti ya chama cha ushirika, AMCOS; mnada wa chama kikuu, RUNALI, ukipita, hela anaifuata benki. Ikipungua nusu kilo, kijiji kizima kitajua.

Sasa mwone huyohuyo Desemba, anapotaka gari, IST. Mamilioni yanatoka benki, yanaingia kwenye mfuko wa rambo (ulipigwa marufuku 2019, huu ulitunzwa kwa shughuli maalumu), yanakabidhiwa chini ya mwembe kwa muuzaji ambaye jina lake silo la kwenye kadi ya TRA.

“Hilo la shemeji, yuko safari.”

Mkataba? “Aa, sisi ndugu bwana.” Ndugu tangu saa nne asubuhi. Kwenda pamoja benki, mwenye kadi naye awepo, fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina lake? Eti huko ni kutoaminiana.

Siku ya kubadilisha umiliki, shemeji hapatikani, muuzaji hapatikani. Gari lipo, linang’aa. Mkulima akimwona trafiki, anakata kona mikoroshoni.