Neema ya Kudondoka Yafika Natta

Nadharia ya neema ya kudondoka hufundisha kwamba aliye juu akishiba, wa chini hawatalala njaa. Marekani iliijaribu chini ya Ronald Reagan: kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 mwaka 1981 hadi 28 mwaka 1988, na wa chini wangali wanakinga mikono kwa nidhamu ya kupigiwa mfano.

Natta, wilayani Serengeti, nadharia hiyo imestawi zaidi. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, kisha akaja kuwekeza humo Paul Tudor Jones, mwekezaji wa Wall Street. Sifa yake ilitokana na Oktoba 1987, alipopata faida soko la hisa lilipoanguka. Mkulima wa Natta hajafikia ustadi huo: mahindi yakianguka, naye huanguka.

Hata hivyo hajasahauliwa. Neema humfuata shambani usiku, kwa miguu minne na mkonga. Kanuni za serikali za mwaka 2011 zilimpangia kifuta jasho cha mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, kwa ekari zisizozidi 5. Shamba lililo chini ya mita 500 kutoka hifadhini halikupangiwa kitu, kwani ujirani wenyewe ni malipo tosha. Kwa aliyeuawa na mnyama zilitengwa shilingi 1,000,000, bei isiyotikiswa na soko lolote.

Wanaodai Natta haina wawekezaji wazalendo wanakosea. Kila aliyepanda mtama mpakani ni mmoja wao, na mtaji wake huisha usiku mmoja bila ada ya wakala.