Baba wa 1949 na Baba wa 1952

Mama alialikwa Bremen, Baba alijialika. Mdogo wangu wa kike, anayeishi huko Ujerumani na mumewe, alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa Oktoba, na kwetu Muheza mzazi wa kwanza haachwi akae uzazi peke yake. Mama aende, amkande, ampikie uji wa pilipili manga, akae mpaka arobaini ipite na siku nyingine juu yake. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala uliletwa na Baba, aliposhusha gazeti na kuuliza taratibu, kana kwamba anauliza habari za mvua, "Na mimi mnaniacha na nani?"

Sote tulielewa. Alikuwa anauliza nani atampikia.

Basi wasafiri wakawa wawili, na bima zikawa mbili. Kwa wasioijua habari hii: mtu anayeomba viza fupi ya nchi za Schengen lazima awe na bima ya safari yenye thamani isiyopungua euro 30,000, inayotambulika katika nchi zote za Schengen na kwa siku zote atakazokuwa huko, inayolipa matibabu ya dharura, kumrudisha mgonjwa kwao, na kuurudisha mwili. Sharti hilo limeandikwa katika Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009. Ada ya viza yenyewe, euro 90, ipo pembeni. Mama, mwalimu mstaafu, alitoa kadi yake ya NHIF, bima ya afya ya taifa, kwenye pochi akaiweka mezani. Ile kadi anaiheshimu kuliko kitambulisho cha taifa, na tulipomweleza kwamba nguvu zake zinaishia mpakani alisikitika kidogo, akairudisha kwenye pochi kwa adabu.

Kazi ya kutafuta bei nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye ofisi Dar es Salaam na "unakaa karibu na kompyuta". Kwa Mama, miaka 68, bei zilikuja za kuumiza lakini za kulipika. Kwa Baba nilijibiwa swali kwa swali: "Mzee ana miaka mingapi?" Nikisema 76, sauti upande wa pili inabadilika. Kampuni moja haichukui kabisa mtu aliyepita miaka 75. Nyingine inamchukua kwa bei inayozidi mara mbili ya Mama. Nikajifunza kwamba bei za bima ya safari hazipandi mwaka kwa mwaka. Zimekaa kama ngazi ya mnazi, unatembea muda mrefu pale pale halafu ghafla unatakiwa kunyanyua mguu. Sitini na tano, sabini, sabini na tano, themanini: kila kampuni imekata madaraja yake inapotaka, na mzee mmoja anaweza kuwa kijana kwa huyu na asiyeuzika kwa yule.

Nilipopeleka habari hizo nyumbani, Shangazi, dada yake Baba, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Sabini na sita? Nani? Huyu?"

Hapo ndipo tulipofunguliwa jalada. Kwa Shangazi, Baba alizaliwa mwaka aliokufa Mfalme George. Yeye mwenyewe alikuwa amembeba mgongoni kichanga, watu wazima wakizungumza habari za bendera kushushwa nusu mlingoti. Mfalme George wa Sita alifariki Februari 1952. Pasipoti inasema 1 Julai 1949. Tofauti hiyo aliitengeneza marehemu babu yetu mdogo siku ya kumwandikisha shule. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Baba hakulifikia. Babu mdogo, ambaye hakuwa tayari kurudi na mtoto shambani, alimweleza mwalimu kwamba mtoto ametimiza miaka tisa, ila ana kichwa kikubwa. Mwalimu akaandika 1949. Julai moja alijiongezea mwenyewe.

Kutoka daftari la shule mwaka ule ulihamia bandarini Tanga, kwenye mafaili ya ajira, na mwaka 2009, umri wa serikali ulipofika 60, Baba akastaafishwa kwa lazima. "Miaka mitatu ya mshahara," alisema, akiitazama dari. "Leo tena bima." Mama akasema, "Si kichwa chako."

Kaka yetu mkubwa alitaka twende RITA, wanakoandikisha vizazi na vifo, au mahakamani kuapa kiapo, tarehe irekebishwe. Kwa hesabu ya Mfalme George, Baba angekuwa na miaka 73 na angeshuka daraja zima. Nilipinga. Mtu mwenye pensheni, pasipoti na kitambulisho cha taifa vyote vya 1949, akitokea kwenye dirisha la viza na cheti kibichi cha 1952, bima ndiyo itakuwa shida yake ndogo kuliko zote. Bima inanunuliwa kwa tarehe ya pasipoti. Kaka akanuna, akaondoka kwenda kutafuta njia zake.

Sisi tukaja kwenye fomu ya afya. Iliuliza mambo ambayo katika nyumba yetu hayajawahi kuulizwa kwa sauti. Je, msafiri ana ugonjwa wowote wa kudumu? Anatumia dawa gani? Amebadilishiwa dawa au kipimo chake katika miezi sita iliyopita? Baba akajibu presha, anameza kila siku. Mama, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua, akasema anameza siku anayojisikia. Kumbe miaka yote hiyo Baba alikuwa anasubiri kwanza presha "ijitambulishe", kichwa kigonge, ndipo akubali kidonge; na kwa njia hiyo dozi ya mwezi ilikuwa inamfikisha karibu miezi mitatu, jambo analolihesabu kuwa ni uangalizi mzuri wa mali. Kwa kulipiza, akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la Blue Band. Ndani yake hamkuwa na siagi. Mlikuwa na dawa za sukari za Mama, ambazo sisi watoto hatukuzijua, kwa sababu tungezijua tungemkataza chai.

Niliandika yote mawili. Kaka alinipigia simu kutoka alikokuwa kusema nisiandike: "Nani atakuja Muheza kuangalia kopo?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililonigharimu usingizi. Siku ya kununua hakuna anayekuja. Unajaza, unalipa, cheti kinatoka baada ya dakika chache. Siku ya kudai ndiyo wanaomba faili la hospitali, na daktari wa dharura huandika kila dawa anayoikuta mwilini na kwenye mkoba. Anayeficha presha ili apate bei ndogo hulipa bei ndogo kwa karatasi ya kumvushia viza tu. Akipata kiharusi, hana bima. Na deni halipotei hewani. Shemeji, mume wa mdogo wangu, alikuwa amekwenda ofisi ya wageni ya mji wao kusaini hati ya kuwadhamini wazee, euro 29 kwa hati, na kwa sahihi ile ameiahidi serikali ya Ujerumani kwamba gharama zitakazoachwa na wageni wake, matibabu yakiwemo, zitakuwa juu yake. Bima ikikataa, ankara inakwenda kwa kijana wa watu.

Kaka akarudi Jumapili akiwa na ushindi mfukoni. Amepata wakala Kariakoo. Bima ya Baba, siku zote, chini ya nusu ya bei zangu, na cheti kimeandikwa euro 30,000 kwa herufi nene. Ameshalipa kwa simu. Tulipokipeleka Bremen, mdogo wangu hakujibu "hongera". Aliomba masharti, kitabu kizima, maana cheti ni ukurasa wa mbele tu. Ilipita siku kadhaa wakala akiahidi kukituma. Kilipokuja, katika kurasa za katikati iliandikwa kwamba kwa msafiri aliyepita miaka 75 kiwango cha juu kinapungua kwa nusu, na kwamba lolote litokanalo na presha halilipwi. Kwa ubalozi, karatasi ile ilikuwa haitoshi. Kwa Baba, haikuwa na kazi.

Kurejeshewa pesa kukawa kisa ndani ya kisa. Wakala alisema fedha zinarudi ikiwa tu viza imekataliwa, na barua ya kukataliwa ionekane. Nilimwona Kaka akilifikiria lile kwa umakini, akimtazama Baba kama mtu anayepima kama anaweza kumpoteza kwa faida. Baadaye simu ya wakala ikawa haipatikani. Kaka akaenda akakaa kwenye benchi la ofisi ile asubuhi nzima, akatamka kwa sauti ya kusikika na wateja wengine jina la TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na fedha zikarudi zikiwa zimekatwa "gharama za uendeshaji". Hatukujua nini kiliendeshwa.

Mwisho bima ilinunuliwa huko huko Ujerumani, na mdogo wangu. Zipo kule bima za wageni, mwenyeji humkatia mgeni wake, na bei huhesabiwa kwa siku. Hilo neno, kwa siku, ndilo lililotuokoa. Mama alihitaji siku 85, zisizofika 90 zinazoruhusiwa. Baba alihitaji nini siku 85? Mdogo wangu akapanga: Mama atangulie Septemba, Baba aje wiki tatu za mwisho, amwone mjukuu, amrudishe mkewe. Mpaka hapo atakula kwa Shangazi. Baba alikubali haraka kuliko tulivyotegemea, maana Shangazi anapika kwa nazi ya kukuna na Mama, tangu astaafu, anapima mafuta kwa kijiko.

Kampuni ile ilikuwa inalipa pia ugonjwa wa zamani ukizuka ghafla, ili mradi daktari aandike kwamba umetulia na dawa hazijabadilishwa karibuni. Daktari wa Tanga alipompima Baba, namba zilikuwa za kutisha, akataka kumwongezea dawa. Kumwongezea ni kubadilisha. Saa ya utulivu ingeanza upya. Nilimweleza daktari ukweli kuhusu siku anazojisikia. Akacheka, akasema basi tusiongeze kitu, kwanza mzee ameze hii aliyoandikiwa, kila siku, arudi baada ya mwezi. Shangazi akakabidhiwa vidonge na mamlaka kamili. Baada ya mwezi presha ilishuka, barua ikaandikwa, na hapakuwa na uongo ndani yake.

Siku ya kusaini niliwasomea mafao. Nilipofika kwenye kusafirisha mwili, Mama akaniziba mdomo kwa mkono wenye harufu ya kitunguu: nani kamwambia atafia huko? Baba aliomba nirudie kile kipengele polepole. "Jeneza, ndege, mpaka Dar?" Mpaka Dar. Alitulia akipiga hesabu. "Kumbe nikifa Bremen nasafirishwa na kampuni. Nikifa hapa mnachangishana." Hakuna aliyecheka haraka. Ila ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kutoka kinywani mwake anataka azikwe wapi: Muheza, kwa mama yake, si Tanga mjini alikonunua kiwanja. Kaka alikuwa ameshika kalamu. Akaandika nyuma ya fomu.

Walikwenda, wakarudi. Aliyeitumia bima ni Mama, kwa jino. Bima za wageni hulipa meno kwa kiasi cha kuondoa maumivu, na daktari wa Bremen akayaondoa. Mama, akiwa ameshalala kwenye kiti kizuri vile, aliuliza kama wanaweza pia kumtengenezea yale mawili ya mbele yaliyong'oka 2017. Shemeji alitafsiri swali, akatafsiri jibu, na akalipunguza makali njiani.

Baba hakuumwa hata mafua, wiki zote tatu. Wiki ya kwanza ya kurudi alinipigia ofisini, shikamoo yangu akaipokea kwa haraka ya mtu mwenye ajenda.

"Ile bima yangu. Sikuitumia."

"Ndiyo, Baba. Tunashukuru."

"Sasa hela inarudi lini?"

Nikamweleza bima inavyofanya kazi, taratibu, na mifano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimpe namba ya Kaka, yule anayejua kukaa kwenye benchi.