Namna ya Kuhesabu kwa Mia Sita Sita Huku Ukining'inia Mlangoni

Hongera. Konda wa kila siku anaumwa, suka amekupigia simu alfajiri, na leo wewe ndiye deiwaka wa daladala hapa Dar es Salaam. Sauti unayo, na mbavu za kubanwa mlangoni unazo. Kilichobaki ni hesabu. Shuleni walikufundisha kuhesabu kwa kuruka mbili mbili na tano tano, wakaishia hapo, kwa sababu walidhani utakuwa daktari.

Hatua ya 1: Iombolezee jero. Hadi mwishoni mwa 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa 500, na hesabu yake uliweza kuipiga huku umesinzia: jero, buku, buku jero, buku mbili. Mamia yalikuwa na sura mbili tu, tano na sifuri. Desemba ile nauli ikawa 600. Abiria walililia mia yao iliyoongezeka. Konda, ambaye duara lake la hatua mbili liligeuka la hatua tano, hakuliliwa na mtu.

Hatua ya 2: Kariri wimbo. 600, 1,200, 1,800, 2,400, 3,000. Sikiliza mamia peke yake: sita, mbili, nane, nne, sifuri. Kichwa cha sita kinakurudisha palepale, 3,600, na wimbo unaanza upya. Kwa hiyo usihesabu watu, hesabu viganja: kidole ni abiria, kiganja kizima ni elfu tatu. Ukipotea njiani, chukua nauli ya zamani uongeze mia kwa kila kichwa. Watu saba: 3,500 na 700, jumla 4,200.

Hatua ya 3: Imba kinyumenyume. Kila anayetoa buku anakudai 400. Wawili ni 800, watatu 1,200, wanne 1,600, watano 2,000. Mamia: nne, nane, mbili, sita, sifuri. Ni wimbo uleule, umeanzia mwisho kurudi mwanzo. Uzuri huu usimweleze abiria anayedai chenji yake tangu Magomeni. Hana hamu ya ruwaza.

Hatua ya 4: "Shukeni mgawane." Zamani, sarafu zikikauka, uliwapa abiria wawili noti ya elfu moja, kila mtu na jero yake, mambo yamekwisha. Leo noti hiyo haigawanyiki kwa 400. Inayogawanyika ni ya elfu mbili, nayo inataka watu watano kamili, wote wametoa buku, wote wanashuka kituo kimoja. Wasubiri, watapatikana. Mkabidhi noti aliye karibu na mlango, gonga bodi mara mbili, usigeuke. Nyuma yako, katikati ya vumbi, wamebaki mzee wa kanzu, mama mwenye beseni la samaki, muuguzi, fundi bomba na kijana mwenye spika inayopiga singeli, wameizunguka noti moja kama ndugu kwenye kikao cha mirathi. Mama ndiye ameishika. Hakuna aliyempa, ameishika tu.

Noti ya Msimbazi usiijaribu. Elfu kumi inataka watu 25, yaani Coaster nzima iwe na msiba mmoja.

Hatua ya 5: Jikague kabla tajiri hajakukagua. Tenga chenji uliyoanza nayo, kisha tazama mamia ya mauzo. Mia sita ni shufwa ya mamia, na mia mbili ya mwanafunzi nayo vilevile. Shufwa kwa shufwa haizai witiri. Vichwa 23 vya watu wazima ni 13,800. Ukikuta 13,700, usirudie kuhesabu pesa. Kagua sura: kuna mtu amekupa jero kisha amelaza kichwa dirishani, na anakoroma kwa ustadi mno.

Hatua ya mwisho: Kataa ruti ya mia saba. Sita na kumi wana undugu, wote wanagawanyika kwa mbili, ndiyo maana duara lao limekatwa nusu. Saba na kumi hawajuani kabisa. Mamia yake yanakwenda saba, nne, moja, nane, tano, mbili, tisa, sita, tatu, sifuri: tarakimu zote kumi zinapita ndipo wimbo urudi. Chenji ya buku huko ni 300, na mia tatu haiigawi sawasawa noti ya elfu moja, wala ya mbili, wala ya tano, wala ya kumi. Shusha gari zima, mshushe na suka, bado hawatagawana wakalingana.

Wakikulazimisha kwenda, lipo jibu moja tu, na wakongwe wa ruti hiyo wamelinyoosha miaka mingi. Tazama barabara, kunja noti zako katikati ya vidole, useme kwa upole: "Tulia anti, chenji yako mbele."