Mashimo ya Mfalme Sulemani: kitabu na filamu, kutoka la nane hadi la kwanza

Sheria ya nyumbani kwetu Kitui ni kitabu kwanza, filamu baadaye. Ukianza na filamu, sura ya mwigizaji itakufuata kila ukurasa, na akili yako haitapata nafasi ya kuchora ya kwake. Basi likizo iliyopita nilikirudia kitabu cha Haggard, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile tafsiri ya Frederick Johnson ya 1929 ambayo wengi wa wazee wetu waliisoma darasani. Jioni yake tukaiweka filamu ya 1950 sebuleni kwa mjomba, wakubwa kwa wadogo, sufuria ya muthokoi katikati. Ubishi ulianza kabla muthokoi haujapoa. Haya ndiyo tuliyobishania, tukianza na dogo na kupanda.

8. Quatermain ameongezewa kimo

Kitabuni Allan Quatermain ni mwindaji wa miaka 55, mfupi, mwembamba, na anakiri waziwazi kwamba yeye ni mwoga. Kwenye filamu ni Stewart Granger: mrefu, mabega mapana, mvi chache zimekaa pale pale panapopendeza, juu ya masikio. Binamu zangu wa kike walisema mabadiliko hayo wameyapokea kwa mikono miwili. Mimi nabaki na yule mfupi. Mtu jasiri akimkabili ndovu, hiyo ni kazi yake. Mwoga akisimama imara mbele ya ndovu yule yule, hapo ndipo roho yangu inaruka.

7. Huyu mama ametokea wapi?

Quatermain anamtahadharisha msomaji mapema: katika kisa hiki usitafute wanawake, ukiwaacha Foulata na bikizee Gagool. Kitabuni anayefunga safari ni Sir Henry Curtis, akimtafuta ndugu yake George aliyepotea akifuata almasi. Helen Deutsch, aliyeandika filamu, akamwondoa Sir Henry na kumleta Elizabeth Curtis, anayemtafuta mumewe. Ndiye Deborah Kerr.

Sasa tuje kwenye nywele. Katikati ya pori Elizabeth anachoka na nywele zake ndefu, anachukua mkasi, anazikata mwenyewe, anaziosha. Zikikauka zimejikunja mawimbi kwa mawimbi, hakuna hata uzi uliokaa vibaya. Susu, bibi yangu aliyesuka vichwa vya watu Kitui mjini maisha yake yote, aliinua mkono filamu isimamishwe. "Nani amemseti huyo?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Lakini nitasema haki: Kerr ameibeba filamu. Anavyobishana na Granger, kila mmoja akikataa kuwa wa kwanza kunyamaza, unasahau kwamba Haggard hakumwalika.

6. Meno ya Kapteni Good

Hapa sisamehi. Kama hujasoma kitabu, sikiliza ulichokosa. Wasafiri wamevuka jangwa, wamevuka milima ya baridi kali, wamefika nchi ya Wakukuana wakiwa hoi. Kapteni Good, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, mtu nadhifu kupita kiasi, anaona kijito na kuamua kuoga na kunyoa. Amevua suruali. Amenyoa shavu moja. Lile la pili bado lina ndevu. Kioo chake cha jicho kiko mahali pake. Hapo hapo mashujaa wa Kikukuana wanatokea na mikuki, tayari kuua. Good, kwa hofu, anafanya alivyozoea kufanya akihangaika: anayachezea meno yake ya kubandika. Yanashuka, yanapanda. Mashujaa wanarudi nyuma.

Quatermain anaidaka nafasi: sisi tumetoka nyotani, anasema. Na kwa kuwa mtu wa nyotani habadiliki, maskini Good analazimika kukaa vile vile siku zote watakazokuwa nchini humo, shavu moja laini na moja la ndevu, miguu nje, suruali hairuhusiwi. Wenyeji wameipenda miguu yake myeupe! Mjomba, ambaye naye ana meno ya kubandika, aliniomba niusome ukurasa huo kwa sauti, kisha akaniomba niurudie.

Filamu imetupa nini badala yake? John Goode, kaka ya Elizabeth, aliyeigizwa na Richard Carlson. Kijana mzuri, mpole, meno yote yake. Kicheko chote cha kitabu kimebaki Durban.

Na hapa niseme wazi. Haggard aliandika kwa macho ya mkoloni, na mchezo huu wa meno unamfanya Mwafrika mshangaaji mbele ya ujanja wa Mzungu. Hilo linaniuma kila nikisoma. Ila katika kurasa hizo hizo anayetembea nusu uchi mbele ya watu ni afisa wa Malkia, na mwandishi hana mpango wa kumrudishia suruali.

5. Sikiliza: hakuna muziki

Wakati ule Hollywood ilikuwa ikimwaga okestra juu ya kila busu na kila risasi. Filamu hii haina. Unasikia ngoma, sauti za watu, ndege, kwato. Ni uamuzi wa kishujaa kuliko chochote anachofanya Granger.

Kwato hasa. Waliipiga filamu hii Murchison Falls nchini Uganda, Rwanda, Kongo, Tanganyika, na huku Kenya walifika Rumuruti na Machakos. Ndiyo, Machakos, Ukambani penyewe! Kuna ile sehemu mashuhuri ambapo wanyama wanatimka kwa mamia, pundamilia na swala wakiruka juu ya vichwa vya wasafiri waliojibanza chini. Robert Surtees alipata Oscar ya upigaji picha, na wahariri Ralph Winters na Conrad Nervig wakapata ya uhariri. Tazama vumbi lile lekundu kwenye Technicolor uniambie kama hulijui. Sebule nzima ililipigia makofi.

Picha zilizobaki, watu wa studio ya MGM hawakuzitupa. Walizirudia kwenye filamu nyingine, ikiwemo Watusi ya 1959. Kwa hiyo wanyama wale wamecheza filamu nyingi kuliko waigizaji wengi wenye majina, na sijasikia hata mmoja akidai malipo.

4. Kiu, somo ambalo Kitui ndio wasahihishaji

Sura za jangwa ndizo bora kitabuni. Wasafiri wanatembea usiku kwa mwanga wa mwezi. Mchana wanachimba shimo, wanaingia ndani na kujifunika majani kama mihogo. Maji yanakwisha. Midomo inapasuka. Ndipo Ventvögel, Mkhoikhoi mwenye pua ya ajabu, anainua uso na kusema ananusa maji. Wanayapata mwishowe katika kidimbwi juu ya kilima, meusi, mabaya, na wanakunywa hadi kukinai.

Shangazi hakukubali. "Maji hayanuswi, yanachimbwa." Anayo haki ya kusema: amechimba mchangani kwenye mto Nzeeu tangu utotoni, akikaa kando ya shimo na kata mkononi, akingoja maji yakusanyike taratibu, kata kwa kata, hadi mtungi ujae. Mtu aliyelelewa hivyo akisoma sura zile za Haggard husahihisha kwa kalamu nyekundu, na bado anageuza ukurasa haraka.

Tena kisa cha kweli cha huku kwetu kinakishinda cha Haggard. Mwaka 1851 mmisionari Johann Ludwig Krapf alibaki peke yake nyikani karibu na mto Tana baada ya msafara wake kuvamiwa. Alipoyafikia maji, hakuwa na chombo cha kuyabebea. Akajaza ala ya darubini yake. Akajaza mitutu ya bunduki, akaiziba, akaondoka. Hebu mpe mwandishi yeyote wa riwaya siku nzima afikirie hilo. Krapf tutakutana naye tena hapo chini.

3. Bibi yuko wapi?

Gagool wa kitabuni ni ajuza asiyehesabika miaka, amejikunyata, sauti kali, anawajua wafalme waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Ndiye anayewaongoza hadi ndani ya mlima, kwenye meza ya mawe ambapo wafalme wa zamani wamekaa, maji yakiwadondokea hadi wakageuka mawe. Ndiye anayewafungia kwenye chumba cha almasi, na mlango ule ule wa jiwe unamponda akijaribu kutoka. Kwenye filamu jina la Gagool lipo, bikizee yule simwoni. Susu alimtafuta hadi majina yakapanda mwishoni. "Wamemwogopa," akasema, na nadhani kesi imekwisha.

2. Vita vya maelfu, pambano la wawili

Haggard anakupa majeshi: vikosi vinapanda kilima, vinateketea, vingine vinachukua nafasi zao. Filamu inakupa watu wawili, mchukuzi Umbopa na Twala, mfalme wa Wakukuana, ana kwa ana. Nilijiandaa kukasirika nikashindwa, kwa sababu ya Wanyarwanda. Walioigiza wakuu wa nchi ile ni Watutsi: Siriaque ndiye Umbopa, Baziga ndiye Mfalme Twala, Sekaryongo ndiye Gagool. Halafu inakuja ngoma yao, mistari ya wachezaji warefu, vichwa vikirushwa pamoja, miguu ikigonga ardhi kwa pigo moja. Kamera inafanya jambo la busara: inakaa kimya na kutazama. Sebuleni hata watoto walinyamaza, na watoto wa kwetu hawajawahi kunyamazia chochote.

Linalonikera ni majina. Siriaque, Baziga, Sekaryongo, na Kimursi Mkipsigis aliyeigiza Khiva: kila mmoja jina moja tu, na kabila pembeni. Granger hakuandikwa Granger wa Waingereza. Watu hawa ndio sababu ya filamu hii kuwa na uhai hadi leo, walistahili majina kamili.

1. Mchukuzi ndiye mfalme

Ukisoma kitabu kwa sababu moja tu, msome Umbopa. Anaingia akiomba kazi ya kubeba mizigo. Hataki hata mshahara. Anatembea jangwani nyuma ya Wazungu, anazungumza nao kama mtu wa kiasi chao, Quatermain anaudhika, na wewe unaanza kushuku. Kisha anafungua nguo na kuonyesha mchoro wa nyoka uliozunguka kiuno chake, alama ya wafalme wa Wakukuana. Ni Ignosi, mwenye nchi. Safari yote walidhani wamemchukua, kumbe yeye ndiye aliyewachukua. Kwenye filamu ya 1937 Paul Robeson alimwigiza, na jina lake likawekwa la kwanza, juu ya Wazungu wote wa filamu hiyo.

Lakini mwisho wa kitabu ndio ninaoupenda kuliko yote. Ignosi anapowaaga rafiki zake anatangaza kwamba hataki wafanyabiashara waje nchini mwake na bunduki na pombe, wala wahubiri wa kuwachochea watu wake. Haggard, kijana wa miaka 29 aliyewahi kuwa ofisa wa serikali huko Natal na Transvaal, aliyaweka maneno hayo kinywani mwa mfalme Mwafrika mwaka 1885, mwezi Septemba, wakati mkutano wa Berlin una miezi saba tu tangu ufungwe. Hiyo ndiyo hotuba niliyokaa nikiingoja kwenye filamu ya 1950. Haikuja.

Na sisi Ukambani Ignosi wetu tunaye. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe, aliishi hapa Kitui na misafara yake ilishuka hadi pwani. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa mgeni wake, aliuona Mlima Kenya na theluji yake kutoka huku. Huko London wanajiografia kina Cooley wakambishia, theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta! Kivoi alikuwa na habari za mlima huo siku zote. Mwaka 1851 wakafunga safari nyingine kuelekea Tana, wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, na ndipo Krapf akabaki peke yake na ile mitutu ya maji. Jangwa lipo, pembe zipo, mlima wa theluji upo, na mwenyeji mwenye njia yake yupo. Haggard alilazimika kuyabuni hayo yote.

Basi ninyi vijana wa Kitui na Makueni mnaozunguka na kamera, kazi hiyo hapo. Kivoi awe wa kwanza kwenye orodha ya majina, kamili, na Krapf amfuate. Kikamba kisikike. Muziki msiweke.