Jinsi ya Kutunga Mchezo wa Redio Usioisha, kwa Mkazi wa Gasenyi

Tafuta mfadhili kwanza, hadithi itamfuata yenyewe. Mtunzi anayeanza na hadithi atazeeka akila ugali kwa lengalenga, ingawa hapo Gasenyi, Bujumbura, ni jirani na Ikulu ile kubwa waliyoijenga Wachina.

Mfadhili atakuja na jambo lake: kunawa mikono, uzazi wa mpango, kupanda miti. Kubali yote. Kisha mwambie, kwa sauti ya mtu aliyetoka semina, kwamba wewe unafuata njia ya Miguel Sabido. Huyo ni Mmeksiko ambaye tangu miaka ya 1970 alichomeka mafunzo ndani ya tamthilia za mapenzi za televisheni. Unahitaji mhusika mwema, mhusika mbaya, na mmoja wa katikati anayesuasua mpaka aone mwanga. Mwema mpe vitabu, mbaya mpe chupa. Bajeti itapita.

Usishangae wasikilizaji wakimng'ang'ania mbaya. Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, ilikuja na Mkwaju, dereva wa lori asiyekosa kimada njiani. Haya, nitajie basi yule mwema wa mchezo huo. Nakusubiri.

Mandhari nayo ichague kwa uangalifu. Gasenyi kuna ugomvi wa mipaka ya viwanja, kuna bomba linalokauka siku ya harusi, kuna mwenye gari anayelala kwenye foleni ya mafuta na kuamka akijua siri zote za aliye mbele yake. Usiguse hata kimoja! Hayo watu wanayaona bure. Wape jumba lenye ngazi za kuzunguka, baba tajiri, mama mkwe mwenye sumu ndani ya kabati. Mhusika wako asipoteze dumu la mafuta, apoteze kumbukumbu.

Zaidi ya yote, jiepushe na mfano wa Marie-Louise Sibazuri, maana utakuharibia kazi. Mwaka 1997, vita vilivyoanza 1993 vikiwa bado vinaiunguza Burundi, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutengeneza mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiuandika, kwa Kirundi. Familia mbili, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, nyumba kwa nyumba. Basi! Hakuna jumba, hakuna sumu. Na wakati huo mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika hivi kwamba mtu alifikiria mara mbili kabla ya kuvuka barabara, lakini redio ilivuka. Wahutu walisikiliza, Watutsi walisikiliza, na mtunzi akaendelea kuandika mamia ya vipindi. Amani ilikuwemo, ndiyo, lakini nani hufungua redio ili ahubiriwe amani? Watu walitaka kujua wale wa nyumba ya pili wamefanya nini tena. Mbinu ya hatari hiyo: inataka mtu akae, awasikilize majirani zake miaka na miaka. Wewe una semina Jumatatu.

Kuhusu umaarufu, usijisumbue. Mwigizaji wako ataitwa sokoni kwa jina la mhusika, atapunguziwa bei ya nyanya, au atatukanwa kwa dhambi ulizomwandikia wewe. Wewe mwenyewe, ukijitambulisha kuwa mtunzi, utaulizwa, "Sawa, lakini kazi unafanya wapi?"

Mwisho wa mchezo usiuandike kamwe. Siku mfadhili akikata fedha katikati ya harusi, usiue mtu, maana maiti hairudi bila uchawi na uchawi haumo kwenye bajeti. Mpeleke bwana harusi Kanada. Msikilizaji wa Bujumbura hataomba maelezo, kwani naye ana binamu huko. Bibi harusi mwache akingojea viza, na mwaka mfadhili mwingine akitokea, tuseme wa vyandarua, bwana harusi atatua uwanja wa ndege akiwa na malaria.