Kaa wa Mombasa na Sokomutu wa Ituri

Huku Mangina bahari tunaisikia redioni. Congo yetu ina pwani ya kilomita kama 37 kule Muanda, upande wa pili wa nchi, na sijakutana bado na mtu wa hapa aliyefika. Ndiyo maana shemeji yangu, anayeleta spea za pikipiki kutoka Mombasa, alipoingia uani na kaa mzima wa mikoko, magando yamefungwa kwa katani, depo ya kakao ilibaki bila hata mtu wa kulinda mizani. Alimvusha Kasindi ndani ya gunia bichi, kisha akamtia kwenye ndoo yenye robine, zile tulizonawia mikono wakati wa Ebola, 2018.

Mjomba, aliyezeekea misitu ya Ituri, alichungulia akaguna. "Hiki kidudu mbele ya sokomutu ni kitu gani?"

Shemeji akawaka. Wajapani, alisema, walipima kaa-nazi wa Okinawa mwaka 2016, na mmoja alibana kwa nguvu ya kama kilo 180. Kaa hao wapo hata Chumbe, Zanzibar. Na huyo sokomutu, yaani sokwe, je? Wamarekani walipima misuli yake mwaka 2017, wakakuta inaizidi ya binadamu mara moja na theluthi tu.

"Na akili mlipima?" Mjomba akauliza.

Mimi nilikuwa upande wa Mjomba. Tena sokwe tumeshaonywa tusimguse, maana Ebola inamuua na yeye. Juu ya kaa hakuna aliyepita na kipaza sauti.

Kumbe watoto walishalegeza katani. Gando la kulia, lile nene la kusagia, likapanda ukingo wa ndoo likakamata ukanda wa kandambili ya Mjomba. Mguu wenyewe haukuguswa. Mzee alizunguka ua mzima, akapita juu ya bashi la kakao inayokauka, kaa akiburuzwa nyuma kama trela, mpaka mjukuu wake akapiga kelele: "Babu, si uivue tu!"

Jioni kaa aliiva kwa mawese. Mjomba alidai gando lilelile, likamshinda meno, akaenda kutwaa mchi.

"Sokomutu naye angefanya hivi," akasema, akiponda.

Shemeji, mdomo umejaa, akamjibu kwamba sokwe wanaosifika kwa kuvunja kokwa kwa mawe ni wa Kodivaa, si wa kwetu.